Chuo kimekalia vyeti vyangu, nitahamaje?

*Shikamoo Mama. Nasoma diploma ya ununuzi na ugavi, chuo cha binafsi hapa Dar, nimemaliza ngazi ya 5. Baba hana kazi tena, nataka kuhamia Morogoro kwa shangazi. Nadaiwa ada 640,000. Wamegoma kunipa matokeo na barua ya uhamisho, na cheti changu halisi cha kidato cha nne wanacho tangu usajili. Mhasibu anasema, "Lipa kwanza." — Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba mwanangu. Miaka kumi na moja nilikaa nyuma ya dirisha la usajili, na hiyo "lipa kwanza" nimeisema sana, kwa hiyo nakujibu kwa aibu kidogo.

Cheti cha kidato cha nne kimetolewa na Baraza la Mitihani, tena kwa jina lako. Chuo hukikagua, kinatoa kivuli, kinakurudishia. Hukukiweka rehani. Achana na mhasibu, nenda ofisi ya taaluma na barua nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Nimeona watu wakilia pale dirishani wasipate kitu, ila muhuri ukigongwa droo inafunguka.

Matokeo yana ugumu wake. Deni ni deni, na huenda fomu ya kujiunga uliyosaini (wengi husaini kwenye foleni bila kusoma) inasema hupati transkripti kabla ya kumaliza ada. Isome. Lakini chuo huyawasilisha matokeo NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo kama chako, hayako kwao peke yao. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba kuziona taarifa zako, na alama zako ni taarifa zako. Itaje kwenye barua hiyo hiyo.

Humo humo omba kulipa kwa awamu, hata 80,000 kwa mwezi, wao watoe barua ya uhamisho. Kila awamu ilipie kwa kumbukumbu namba, usimwekee mtu mkononi. Mwanafunzi akishapotea na deni lake limepotea, wanalijua hilo.

Wiki mbili zikipita kimya, ile nakala yenye muhuri ipeleke NACTVET. Wakili wa kulipia wa nini kwa deni la laki sita? Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Na kabla hujapanda basi, waulize hao wa Morogoro: watakupokea ngazi ya 6, au utarudia ya 5? Wakujibu kwa maandishi.