Wakikuita mzee wakakuacha, usikimbilie kisasi

Jumapili tuliwafunga 2-1, na mabao yote mawili niliyafunga mimi. La kwanza kwa kichwa kutokana na kona, la pili kwa penalti ambayo vijana wetu waliikwepa. Tuliowafunga ni timu ya Waafrika Mashariki wenzangu hapa Baltimore, Marekani, timu niliyoichezea tangu nilipohamia mji huu, na ndiyo iliyoniacha msimu uliopita kwa sababu ya umri. Tangu picha zisambae simu yangu haijatulia. Ujumbe ulionigusa kuliko yote umetoka Arusha, kwa beki aliyeachwa na klabu yake. Ameuliza: "Kaka, wewe uliwezaje?"

Mdogo wangu, kwanza ujue kwamba sikuagwa. Nilishtukia nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp, na siku ya mechi jezi yangu namba tisa ikavaliwa na kijana aliyejiunga juzi. Hao hao nilikuwa nawapitia majumbani kwa gari langu alfajiri, wakati wa baridi kali, na pesa ya kukodi uwanja ikipungua nilikuwa naijazia mimi. Baadaye nikasikia kocha aliwaambia, "Mzee yule miguu imekwisha." Mpaka leo inaniuma, na sioni sababu ya kuficha.

Kipindi hicho ndipo nilipoanza kumfuatilia Frank Robinson, mchezaji wa besiboli wa zamani. Sanamu yake ipo kwenye uwanja wa besiboli wa Camden Yards, nami nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kujua habari zake. Alianza na timu ya Cincinnati Reds mwaka 1956 na mwaka huo huo akapiga homurani 38, yaani mipira inayotoka nje ya uwanja moja kwa moja. Mwaka 1961 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Kisha Desemba 1965 Reds wakamtoa kwa Baltimore Orioles wakapewa wachezaji watatu, na mmiliki wao, Bill DeWitt, akajitetea kwamba kwa mtu wa miaka 30, huyu hakuwa kijana tena. Msimu uliokuwa umetoka kumalizika alikuwa amepiga homurani 33! Nilipousoma utetezi huo niliisikia sauti ya kocha wangu.

Mwaka 1966, msimu wake wa kwanza Baltimore, Robinson aliiongoza ligi katika mambo matatu makubwa ya mpigaji: wastani wa mapigo wa 0.316, homurani 49, na mikimbio (yaani pointi) 122 iliyoingia kutokana na mapigo yake. Akachaguliwa mchezaji bora, na Orioles wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Dodgers mechi 4-0 kwenye fainali, ambayo huchezwa kwa mechi kadhaa.

Sasa hapa nakuomba usome taratibu. Mambo hayo yote hakuyafanya dhidi ya Reds. Reds na Orioles walikuwa ligi mbili tofauti, na wakati ule timu za ligi hizo hazikukutana kwenye mechi za msimu. Zilikutana fainali tu. Watu waliomwita mzee alikutana nao kwenye fainali Oktoba 1970, miaka mitano baadaye. Kwenye mechi ya tatu akapiga homurani. Kwenye ya tano Reds walitangulia 3-0, naye zamu yake ya kwanza tu akaupeleka mpira nje, akaingia yeye na mwenzake, ikawa 3-2. Orioles wakashinda 9-3 na kubeba kombe kwa jumla ya mechi 4-1. Kwa miaka yote mitano alikuwa akiwashinda watu ambao hawakuwa na kosa lolote kwake.

Nami nilifanya hivyo. Nilijiunga na timu nyingine, kocha wao ni Mghana, nikamwambia wazi kwamba mbio za pembeni siziwezi tena, anipange karibu na goli. Nilifanya mazoezi jioni baada ya zamu ya kazi, hata nikiwa nimechoka. Nilifunga dhidi ya timu ambazo sina ugomvi nazo. Fanya mazoezi, mdogo wangu. Usibishane na mtu mtandaoni, usiwapigie simu kuwauliza kwa nini, fanya mazoezi.

Jumapili ilipofika nilikuwa na kitu ambacho kijana mwenye namba tisa hana: nawajua. Beki wao wa kati kwenye kona hutazama mpira akamsahau mtu. Nimecheza naye misimu mingi, nikimkumbusha kila wiki. Nilisimama mgongoni kwake tu. Kwa hiyo nawe usiutupe ujuzi wako kwa sababu mtu kakuita mzee. Wewe ni beki. Unajua nani kwenye klabu ile anapenda kukata ndani kwa mguu wa kushoto, unajua kipa gani haji kuudaka mpira wa juu. Mlioachwa huko kazini au uwanjani, acheni kulia kwa watu wasioweza kuwarudishia chochote. Mungu hakukupa kipaji ili kocha mmoja akifunge kama duka.

Umeniuliza pia, wakikupigia urudi, uende? Kwangu walipiga Jumatano. Kocha mwenyewe, kwa heshima zote, akaniita "kaka mkubwa" na kusema namba tisa inanisubiri. Nilimshukuru, nikamwambia msimu huu nina timu, na mechi yetu ya marudiano nao ni mwezi ujao.