Ukipata intavyu kampuni kubwa za teknolojia Marekani, ulizia levo kwanza, mshahara baadae

Madogo wa nyumbani wanaoniandikia kila mtu anauliza maswali ya algoriti, yale mafumbo ya kuandika programu, nilijiandaaje, levo, yaani daraja la kazi unaloajiriwa nalo, hamna anayeulizia kabisa. Sasa hela yote iko kwenye levo jamani. Google mhandisi wa programu aliyetoka chuo anaanza L3, Meta ni E3, ila Amazon huyo huyo anaitwa L4, kwa hiyo usione namba kubwa ukadhani umepanda. Senia ni L5 Google, E5 Meta, Amazon L6. Kila levo ina fungu lake la malipo na rekruta, yule anayeitafutia kampuni watu, anaweza kucheza humo ndani tu, kuvuka hawezi, so ukiingizwa levo ya chini hata ubembeleze vipi utaongezewa vihela vya soda, halafu kupandishwa ukiwa ndani ni kazi ya miaka. Simu ya kwanza tu muulize, "hii nafasi mnanihoji kwa levo gani?" Wanajibu, siyo siri.

Algoriti zinakufungulia mlango. Levo inapangwa zaidi kwenye intavyu ya kusanifu mfumo na ile ya tabia, na hii ya tabia ndo watu wetu wengi wanaanguka. Amazon wana kanuni 16 za uongozi na kila anayekuhoji amepewa zake za kukupima, anataka kisa kimoja, wewe mwenyewe ulifanya nini, kikatokea nini. Sisi tumelelewa kujisifu ni aibu, mtu amebeba mradi mzima mgongoni lakini ukimuuliza anakwambia "tulishirikiana vizuri na timu". Imeisha hiyo, hakuna cha kuandika. Sema meneja alitaka mfumo utoke Ijumaa, mimi nikapinga kwa sababu hii, nikajaribu hivi, tukachelewa wiki moja lakini malipo ya wateja hayakukwama. Hiyo siyo kujisifu, ni ushahidi.

Na ukweli ni kwamba anayekuhoji anaandika ripoti. Google uamuzi unapitia kamati ambayo haijawahi hata kukuona sura, wao wanasoma karatasi. Amazon kuna mmoja wanamuita Bar Raiser, anatoka timu nyingine isiyo na haraka ya kujaza nafasi, na huyo akikataa umekataliwa. Kwa hiyo ukikaa kimya dakika kumi unafikiria, hata ukipata jibu, ripoti yako itakuwa nyembamba. Ongea huku unafikiri, uliza data ni kubwa kiasi gani, sema kwa nini umeacha njia fulani.

Haya, mshahara. California tangu 2018 mwajiri haruhusiwi kukuuliza ulikuwa unalipwa ngapi, na tangu Januari 2023 wenye wafanyakazi 15 kwenda juu lazima waandike fungu la mshahara kwenye tangazo. Ila hilo fungu ni mshahara wa msingi tu, hisa za kampuni wanazokulipa na bonasi hazimo, na kwa senia hisa zinaweza kukaribia nusu ya kila kitu. Ndo maana ingia levels.fyi, tovuti ambako watu wanaandika wanalipwa ngapi kwa kila levo, kabla hujataja namba yoyote. Na usiwe wa kwanza kutaja.

Hisa zenyewe soma zinatoka lini, yaani lini zinakuwa zako kweli, maana hawakupi zote siku moja. Tuseme umepewa za dola 200,000 kwa miaka minne. Meta wanagawa sawa, 50,000 kila mwaka. Amazon kwa mtindo wao uliozoeleka ni asilimia 5, 15, 40, 40, yaani mwaka wa kwanza unaona 10,000, wa pili 30,000, na pengo wanaliziba na bonasi ya kusaini ya pesa taslimu. Ukiacha kazi mapema hiyo bonasi unaweza kudaiwa urudishe, isome vizuri kabla hujaituma yote nyumbani kumalizia nyumba. Halafu idadi ya hisa ikishapangwa bei inaenda inakotaka, 2022 hisa ya Meta ilishuka zaidi ya asilimia 60 mwaka mmoja. Kodi nayo, zikitoka kwa kawaida wanakata asilimia 22 ya serikali kuu, wakati kwa mshahara wako wewe unadaiwa zaidi ya hapo, Aprili ya kufunga hesabu za kodi ikifika unashangaa deni limetoka wapi.

Kupatana inachekesha. Mtu Kariakoo anabishania shati nusu saa, akipewa ofa anasema asante sana Mungu mkubwa anasaini siku hiyo hiyo! Omba siku chache. Omba kwa imeli. Ukiwa na ofa ya pili itaje. Mshahara wa msingi ni mgumu kusogea, hisa na bonasi ya kusaini ndo zinalegea.

Kwa mlio Dar au Nairobi, viza iulizwe mapema kuliko vyote. H-1B, viza ya kazi ya Marekani, kwa kampuni hizi ni bahati nasibu ya nafasi 85,000 kwa mwaka, na Septemba 2025 Marekani ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje, so rekruta anaweza kukupenda na bado mambo yakakwama hapo. Muulize kama nafasi iko pia London, Dublin, au Nairobi ambako Microsoft wana kituo tangu 2019, na muulize fungu la malipo la huko ni lipi, kwa sababu levo itakuwa ile ile lakini hela haitakuwa ya Seattle.