Jibu: Shoka la "Waviking" mtandaoni, ninunue?

Mkuu, umeuliza kama ununue hilo shoka la Waviking (mabaharia wa Skandinavia wa kama miaka elfu iliyopita) ambalo muuzaji anasema limetoka kwenye "mkusanyiko wa zamani wa familia". Kwa maneno hayo matupu, mimi nisingenunua. Mwombe risiti ya zamani, orodha ya mnada, chochote chenye tarehe, kuonyesha kwamba halikuchimbwa kwa wizi. Italia na Ugiriki, kwa mfano, huhesabu vitu vya kale vinavyofukuliwa ardhini kuwa mali ya taifa, na anayechimba kwa wizi anaharibu historia isiyorudi tena.

Halafu umbo peke yake halithibitishi chochote. Mashoka yenye makali yaliyoshuka kama ndevu yaliendelea kutumiwa na maseremala wa Ulaya karne nyingi baada ya Waviking.

Kama ndiyo unaanza, ningekushauri utafute bizimu (kifungio cha vazi) ndogo ya Kirumi ya shaba nyeusi iliyopatikana Uingereza na kusajiliwa na Portable Antiquities Scheme, mpango wa huko wa kusajili vitu vya kale vinavyopatikana na wananchi. Hifadhidata yao ni ya bure, ina vitu zaidi ya milioni 1, vingi vikiwa na picha na vipimo. Mwombe muuzaji namba ya usajili, kisha linganisha mwenyewe. Hata usiponunua kitu, pitia pale kila jioni, jicho linafundishika.

Na ukija kupata cha chuma, usikioshe kwa maji wala kukisugua king'ae. Chumvi ya udongoni hubaki ndani na kutu huendelea kukibandua tabaka kwa tabaka. Kiweke kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu), na uibadilishe ikishiba unyevu.