Re: Wakwe wanasali rozari, nifanyeje?

Ndugu yangu wa Tukuyu, umeuliza kama wakwe zako Wakatoliki wanamwabudu Maria, na kama wewe Mmoraviani ukae au utoke rozari inapoanza. Kaa. Mimi Mlutheri, nimeoa Tosamaganga, na swali hilo nililibeba miaka.

Msibani kwa bibi wa mke wangu nilikaa mkekani nikasikiliza litania, sala yao ya kuitikiana, neno kwa neno. Kwa Kristo wanaitika "utuhurumie". Akitajwa Maria au Petro, "utuombee". Mama mkwe, shanga vidoleni, hakuchanganya hata mara moja. Mtaguso wa Nisea wa 787, mkutano mkuu wa maaskofu, ulishatenganisha heshima na ibada ya Mungu peke yake.

Ubishi wetu wa kweli uko kwenye hilo "utuombee". Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani letu Walutheri, linaruhusu kuwakumbuka watakatifu na kuiga imani yao, ila si kuwaomba, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5). Wao watakujibu: mbona unamwomba mchungaji akuombee? Mimi bado siliafiki, maana mchungaji ananisikia. Halafu kuna Kupalizwa Mbinguni, yaani kwamba Maria alichukuliwa mbinguni mwili na roho, kwao fundisho la imani tangu 1950. Hapo hatukutani kabisa.

Ila na ninyi Wamoraviani msijitoe. Jan Hus, mwanamatengenezo wa Bohemia mnayemhesabu kuwa chimbuko lenu, aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415, hamumkumbuki kila Julai 6?

Rozari ikianza, nyamaza tu. Baba Yetu ikifika, itikia kwa sauti.