Nataka kutibu watoto wenye kiwewe: nisome uzamili au uzamivu?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina miaka 27, nina shahada ya kwanza ya saikolojia, na hapa Mwanza nafanya kazi na watoto waliofanyiwa ukatili. Nimechoka kusikiliza na kuandika ripoti tu, nataka kuwatibu. Nawaza kuomba uzamili wa saikolojia tiba Muhimbili, lakini kaka yangu aliyeko Marekani anasema nisipoteze muda, niombe uzamivu kule moja kwa moja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniita Dokta, na wagonjwa wangu wananiita hivyo pia, lakini nina uzamili tu. Huo uzamili ndio uliofanya niaminiwe kukaa na wagonjwa.

Kaka yako hajakosea, anakueleza ya huko aliko. Marekani, tangu mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Boulder, Colorado, mwaka 1949, uzamivu wa saikolojia tiba umejengwa ili mtu atoke akiwa mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Unasoma darasani, unafanya utafiti, unaona wagonjwa, kisha unamalizia na mwaka mzima wa mafunzo kazini. Ukianzia shahada ya kwanza, hesabu miaka 5 hadi 7. Majimbo mengi hayatoi leseni ya mwanasaikolojia wa kujitegemea bila uzamivu. Wenye uzamili wanapewa leseni za ushauri nasaha.

Huku kwetu uzamivu ni kitu kingine. Ukiacha programu chache, kama ile ya udaktari wa saikolojia tiba ya USIU-Africa, Nairobi, kwa kawaida unaingia ukiwa na uzamili tayari, unachukua swali moja na kulichimba mpaka litoe tasnifu. Hakuna anayekaa kukusikiliza ukiongea na mgonjwa. Unaweza kuhitimu vizuri kabisa bila kukutana ana kwa ana na mtu aliyejaribu kujiua jana yake.

Ufundi wa kutibu tunaupata kwenye uzamili, na hasa kwa msimamizi. Nilipokuwa nasoma, msimamizi wangu aliniagiza niandike neno kwa neno mazungumzo yangu na mama mmoja aliyefiwa na mtoto. Akasoma kalamu mkononi mpaka pale mama aliposema, "Basi usiku ule..." na mimi nikamkatiza: "Alikuwa na miaka mingapi?" Akazungushia duara. "Hapa alikuwa anataka kukuambia. Umemkimbia." Mpaka leo mgonjwa akisema "basi", mimi nanyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi popote, uliza: nitaona wagonjwa kwa saa ngapi kwa wiki? Nani atanisimamia, na tutakutana mara ngapi? Wakishindwa kukujibu, tafuta kwingine.

Usimamizi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Moshi, na Bungoma kule Kenya, ulifanyika utafiti kwa watoto yatima 640, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Tiba ya kiwewe ilitolewa na washauri wa kawaida, watu wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu, na kwa sehemu kubwa watoto walipata nafuu. Soma utafiti huo, unakuhusu moja kwa moja.

Ila waliouongoza ni watu wa uzamivu, na hapo ndipo shahada hiyo inapohitajika: kuongoza utafiti, na kufundisha chuo kikuu. Tuna njaa kubwa ya watu hao. Vipimo vingi tunavyotumia vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, wakati mgonjwa wangu hasemi ana sonona. Anasema ana mawazo, kichwa kinawaka moto. Anayetaka kutengeneza kipimo kinachoanzia kwenye maneno hayo, huyo akasome uzamivu.

Wewe umesema unataka kutibu, na watoto hao wako Mwanza. Anza na uzamili. Ukija kutamani utafiti, Marekani itakuwepo, ingawa usitegemee vyuo vya kule vikupunguzie miaka yote uliyokwisha kusoma. Uzamivu wa utafiti kule mara nyingi husamehewa ada na kulipwa posho. Ule wa kitabibu pekee wengi hujilipia. Na kinachoamua maombi, mara nyingi, ni profesa unayetaka kufanya naye utafiti. Mwombe kaka yako aanze kukuorodheshea wanaochunguza kiwewe cha watoto.