Kabla ya kusema Subaru STI ya mwaka gani njo inakimbia, piga magoti uangalie tairi

Wiki jana mdogo wangu mmoja wa Kampemba aliniandikia saa tano ya usiku, "yaya, nimepata pesa kidogo, ninunue Subaru Impreza STI, ile ya mbio, ya 1999, ya 2003 ama ya 2006, ipi njo inakimbia kuliko zingine kwenye kona?" Nikaanza kumjibu kwa simu, nikaona jibu linakuwa refu mpaka kidole kinauma, basi nimelileta hapa, kwasababu hili swali vijana wengi wa Lubumbashi wanaliulizaga na majibu wanayopewa kwenye garaje ni ya ushabiki, kila mtu anasifu ile anayoiendesha.

Mimi hizo gari tatu nimeziendesha zote. Ya 1999 ni yangu, ya 2003 ni ya shemeji, na ya 2006 ni ya rafiki yetu anayefanya kazi Kolwezi anakuja Lubum kila mwisho wa mwezi. Tulibishana miaka miwili mizima, kwenye harusi, kwenye matanga, mpaka wake zetu wakachoka, njo tukasema basi tupime.

Kuna mzee mmoja ana parking ya malori upande wa kwenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, imezungushiwa ukuta, lami ni ya zamani lakini haina mashimo. Jumapili malori yakishatoka anatufungulia geti. Tulipanga matairi ya zamani tukapata raundi ya kama mita 700, kona saba na kipande kimoja cha kunyooka. Na hapa niseme wazi kabisa: barabara yenyewe ya Kasumbalesa hatupimii kitu. Kule kuna malori ya shaba, kuna baba wa makala anasukuma baiskeli yenye magunia marefu kumshinda, anaenda kutafuta chakula cha watoto. Kama hauna kiwanja kilichofungwa, ngoja mpaka upate.

Sasa nianze na karatasi, maana wengi wanaanziaga hapo. Ukifungua karatasi za hizi gari za soko la Japani utaona zote tatu zimeandikwa nguvu za farasi 280. Ya 1999 280, ya 2003 280, ya 2006 280. Kijana anaona hivyo anasema basi ni sawasawa, mimi naichukua ile nyepesi. Lakini ile namba haikutoka kwenye moteri, ilitoka kwenye mapatano: makampuni ya Japani yalikubaliana tangu 1989 kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya farasi 280, na hayo mapatano yalidumu mpaka 2004. Hata baada ya hapo STI ya Japani iliendelea kuandikwa 280 mpaka muundo mpya wa 2007 ulipokuja na 308. Kwahiyo kwa hizi gari farasi haikwambii kitu, angalia nguvu ya kuvuta, ile wanaipima kwa Nm. Ya 1999 ina 353, ya 2006 ina 422. Hapo njo unaona kazi ya ile miaka saba.

Halafu kuna uzito. Ile ya zamani ina karibu kilo 1,270, hizi zingine zimepita 1,400. Ni kama mimi niko peke yangu ndani na shemeji amebeba watu wawili kwenye kiti cha nyuma raundi yote. Lakini ile nyongeza haikuja bure, ndani yake kuna gearbox ya vitesi sita mahali pa vitano, kuna breki za Brembo, kuna bodi ngumu zaidi.

Tukaanza kupima na tukakosea vibaya sana, njo nataka nikueleze makosa yenyewe maana yalinifundisha kuliko zile namba.

Kosa la kwanza ni majira. Gari yangu niliipima asubuhi moja ya mwezi wa saba, unajua baridi ya hapa mwezi wa saba, mpaka unavaa koti na mkono unauma kwenye usukani. Ya 2003 tulikuja kuipima mwezi wa kumi saa nane ya mchana, jua lile la kabla ya mvua. Yangu ikashinda kwa sekunde moja nzima na mimi nikatangaza ushindi kwa kila mtu. Kumbe hewa ya baridi ni nzito, turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya moteri, inapata cha kumeza, na intercooler inayopoza hiyo hewa inapoa. Kutoka digrii 10 mpaka 32 hewa inapoteza karibu asilimia 7 ya uzito wake, na hiyo ndiyo chakula cha moteri. Tena moteri za Japani zilipangwa kwa esansi ya kule yenye oktani (kipimo cha esansi kuvumilia bila moteri kugonga) inayokaribia 100, sasa ukiweka esansi ya chini kwenye joto la mwezi wa kumi kompyuta ya gari inasikia moteri inagonga, inarudisha nyuma muda wa kuwasha cheche, nguvu inashuka kimyakimya bila taa yoyote kuwaka. Shemeji alikuwa na haki ya kukasirika.

Kosa la pili ni tairi, na hapa njo moyo wa maneno yangu yote. Tulipozileta zote tatu siku moja, ya 2006 ilitupiga karibu sekunde tatu kwenye raundi ya sekunde arobaini na kitu. Sekunde tatu! Rafiki yetu akaanza kuimba. Mimi nikashuka, nikapiga magoti, nikaanza kusoma ubavu wa tairi moja moja. Kila tairi ina alama ya DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zake zilikuwa mpya, hazijafika hata mwaka. Zangu zilisomeka 2211, maana yake wiki ya 22 ya 2011, zilikuwa zimekauka, ukibonyeza kwa ukucha haliingii. Na muuzaji mmoja hapa mjini alikuwa ameniuzia kama mpya, ziling'aa kweli, amezipaka dawa nyeusi. Pesa yangu haikurudi lakini jicho langu lilifunguka.

Basi tukafanya kazi ya adabu. Gari yangu na ya shemeji zina rimu za bolti tano kwenye duara moja la milimita 100, kwahiyo rimu zake za inchi 17 zenye tairi nzuri nikazifunga mimi, zangu za 16 kwake hazingeingia, zinagonga breki za Brembo. Ukikata usukani mpaka mwisho zilikuwa zinagusagusa kidogo ndani ya gadi, ila kwenye raundi hazikusumbua. Ya 2006 haiwezi kuingia mchezo huo, kuanzia muundo wa 2005 STI ilihamia duara la 114.3, rimu za zamani hazifungiki kabisa, ukinunua hizi gari ulijue hilo kabla haujalipia rimu za mtu. Kwa hiyo ya 2006 tulingoja mwezi mmoja, mwenyewe akachangia, tukanunua tairi za aina moja na tarehe zinazokaribiana kwa gari zote tatu, kila moja kwa saizi yake.

Siku hiyo ya tairi za aina moja mambo yakageuka. Zile sekunde tatu zikabaki kama sekunde moja hivi. Na kati ya yangu na ya shemeji, yangu ilikuwa mbele kidogo tu, sehemu ya sekunde, kwasababu kiwanja chetu ni kona tupu na ule wepesi unafanya kazi kila mahali, unapiga breki kuchelewa, unageuka mapema. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ule ushindi wa kwanza wa 2006 tulikuwa tumeinunua dukani, Subaru haikuitengeneza.

Usidhani ni sisi tu wa parking ya malori. Chukua Porsche 911 GT3 kule Nürburgring, Ujerumani. Ile ya 2017 ilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 12.7 ikiwa na farasi 500. Ile iliyofuata, ya 2021, ina farasi 510, kumi tu zaidi, na kwenye njia ileile ya kilometa 20.6 ikapiga dakika 6 na sekunde 55.34. Sekunde 17 kwa farasi kumi? Haiwezekani, moteri haikufanya hiyo kazi peke yake. Walibadilisha suspension ya mbele, wakaongeza bawa linalokandamiza gari chini, na wakafunga tairi kali zaidi za Michelin. Kwahiyo mtu akikwambia mwaka huu umeushinda mwaka ule kwa sekunde kadhaa, swali lako la kwanza liwe: ilivaa tairi gani?

Jambo la tatu ni dereva, na hili watu wanalisahau kuliko yote. Ukianza na ya 1999, ukaenda 2003, ukamaliza na 2006, ile ya mwisho itashinda hata kama ni sawa na zingine, kwasababu wewe mwenyewe umeshazoea kile kiwanja, unajua wapi pana vumbi, wapi lami imebonyea. Dawa yake ni rahisi: ukimaliza zote rudia ile ya kwanza. Mimi niliporudia yangu mwishoni nilipata nafuu ya nusu sekunde bila kugusa hata bolti moja. Hiyo nusu sekunde ni yangu, siyo ya gari, na inabidi uitoe kwenye hesabu. Na vumbi letu jekundu la kiangazi lifagie kwanza, sisi tunafagia kona zote kwa mafagio ya nje kabla ya kuwasha gari, raundi za kwanza zinasafisha njia na wa mwisho anapata lami safi, hata hilo ni dhuluma.

Kupima muda kwa GPS ya simu usitegemee sana, simu nyingi zinasoma mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa gari inapita mita 22 ndani ya hiyo sekunde. Sisi tunaweka watu wawili na kronometa kwenye mstari mmoja, tunachukua katikati ya namba zao. Raundi ya kwanza haihesabiki, tairi ziko baridi. Hewa ya tairi ipime zikiwa za moto, mara tu unaposimama.

Breki. Hapa sipunguzi maneno. Breki za ile ya zamani zilinichosha raundi ya nne, pedali ikawa laini kama mkate, moyo ukaruka. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia digrii 230, lakini yanavuta maji kutoka hewani, na yakishavuta kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Sasa fikiria gari imekaa misimu mitatu ya mvua ya Lubumbashi na hakuna aliyewahi kuyabadilisha. Badilisha kabla ya kwenda, ni pesa ndogo. Brembo za 2003 na 2006 zilivumilia mchana mzima. Na oil ya moteri iangalie kila ukipumzika, hizi moteri za boksa, zenye silinda zilizolala, kwenye kona ndefu mafuta yanakimbilia upande mmoja, ukiwa na kiwango cha chini unaua moteri.

Neno moja tena kwa wanaoangaliaga video za Tsukuba, ule uwanja mdogo wa Japani wa mita 2,045. Muda wa kule usiulete hapa. Sisi tuko juu, karibu mita 1,200, hewa yetu ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani, gari isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu yake. Turbo inafidia, ila inazunguka kwa nguvu zaidi na inapata joto zaidi.

Basi mdogo wangu nilimjibu hivi: kama unataka kucheza kwenye kona fupi na uko tayari kushughulikia breki, chukua ya 1999, mimi naipenda kwa roho yote na sitaiuza. Kama unataka kwenda Kolwezi na kurudi, halafu Jumapili uje kiwanjani, ya 2006 ni gari kamili zaidi, hata mimi nakubali. Ya 2003 iko katikati na bei yake mara nyingi ni nzuri, rimu zake pia rahisi kupata.

Alinunua ya 2003, ya bluu. Jana jioni aliileta nyumbani, bado ina vumbi la safari ya Dar, anacheka mpaka machozi. Tuliizunguka na tochi ya simu, akapiga magoti mwenyewe kabla sijamwambia, akasoma kwa sauti: "mbele 3513, nyuma 3513." Tairi za wiki ya 35 ya 2013. Akanyamaza kidogo, akaniuliza saa ngapi duka la tairi linafunguliwa Jumatatu.