Riba Ikipanda Wanakuambia, Ikishuka Wananyamaza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kitengela aliniandikia usiku wa manane. Benki imemletea ilani ya siku 40, nyumba itauzwa, na mumewe hajui lolote. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, niwaombe msamaha vipi?" Swali hilo limenichoma, kwa sababu nawajua waliomfundisha kuliuliza. Ndio hao hao walionifanya nijione mwizi mbele ya dawati la mikopo, na mimi sikuwa nimeruka hata mwezi mmoja.

Basi leo nawasimulia yangu.

Mwishoni mwa 2018 mimi na mume wangu tulichukua mkopo wa shilingi milioni 4.5 wa miaka 15, tukanunua nyumba Syokimau. Sheria ya kudhibiti riba iliyoanza Septemba 2016 ilikuwa bado ipo, na benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya. Mkataba wetu ukaandikwa vivyo hivyo: kiwango cha Benki Kuu, jumlisha 4. Benki Kuu ilikuwa kwenye 9, sisi tukaanza na 13. Kikomo kile kilipoondolewa Novemba 2019, mkataba wetu haukuguswa. Lishikeni hilo. Kilichofutwa ni kifungu cha sheria, sahihi zetu zilibaki pale pale.

Miaka iliyofuata haina hadithi. Korona ilikuja, kiwango kikashuka hadi 7, marejesho yakapungua hadi kama elfu 52 kwa mwezi, tukapaka nyumba rangi. Kuanzia Mei 2022 kiwango kikaanza kupanda, na kila kikipanda benki ilikuwa hodari wa kutujulisha. Februari 2024 kikafika 13. Kwa mkataba wetu hiyo ni 17. Inauma, lakini tulikubali wenyewe. Stetimenti ilipokuja ilisema 18, na marejesho yalikuwa yamefika elfu 67.

Hiyo asilimia moja ilitoka wapi? Tuliletewa ujumbe wa simu ukitaja hali ya soko, basi. Maagizo ya kukata pesa kwenye akaunti yaliendelea kukata kiasi cha zamani, upungufu ukaandikwa kuwa deni sugu, na faini ikapandishwa juu yake. Halafu Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha. Desemba kiwango kilikuwa 11.25. Juni 2025 kilikuwa 9.75. Mwanzoni mwa mwaka huo Benki Kuu yenyewe ilikuwa imezikemea benki kwa kuchelewa kuwashushia wateja. Riba yangu? 18. Simu ile iliyokuwa ikilia kila riba ikipanda sasa ilikuwa kimya.

Nilikwenda tawini. Nilihudumiwa na kijana mmoja nadhifu, mpole kupindukia, kila sentensi "madam, madam". Nilimwonyesha ukurasa wa mkataba. Hakuusoma. Aligeuza kompyuta upande wangu, akanionyesha jumla ya deni, kisha akatabasamu: "Madam, dawa ya deni ni kulipa." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimefundisha methali hiyo tangu huyo kijana hajaanza chekechea! Maneno yale bado ninayo kifuani, sitaficha.

Usiku ule niliandika barua. Niliuliza mambo machache tu. Riba ya 18 imekokotolewaje? Iko wapi ilani ya maandishi ya siku 30 inayotakiwa na kifungu cha 84 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, ambayo lazima itaje riba mpya kwa lugha inayoeleweka? Na iko wapi idhini ya Waziri wa Fedha ya kupandisha riba, inayotakiwa na kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki? Hili la mwisho niliandika kwa kujiamini, kwa sababu Mahakama ya Juu, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels mwaka 2024, ilishikilia kwamba kifungu hicho kinahusu riba pia, si ada ndogo ndogo peke yake. Nakala yangu ikapigwa muhuri pale mapokezi. Bila muhuri hujaandika barua, umeandika shajara.

Ghafla meneja akatuita, na chai ikaletwa. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huzama. Hakugusa swali hata moja. Alitupa "nafuu": tupange mkopo upya, miaka iongezwe, marejesho yashuke. Karatasi zilikuwa tayari, kalamu juu yake. Mume wangu alikuwa ameshaishika. Nikasoma ukurasa wa pili: riba itakuwa kiwango cha benki yenyewe, kama itakavyokiamua mara kwa mara. Yaani tungetia sahihi, ile "jumlisha 4" ingezikwa, na madai yetu yote nayo. Mtu mwenye nia njema angeniambia kwanza kwamba riba yangu inabishaniwa, ndipo anipe chaguo. Huyu alinipa chai.

Nikakataa. Nikaandika barua nyingine, nakala kwa Benki Kuu. Ni sawa kuanza kulalamika kwa benki yako, kisha ndipo uende juu. Miezi ilipita, sitawachosha nayo. Jibu lilipokuja lilisema riba imerudishwa 13.75, kilichozidi kimepunguzwa kwenye deni la msingi, faini zimefutwa. Halikuomba radhi. Lilisema ni "marekebisho ya mfumo". Mfumo huo mbona haukuwahi kukosea kwa faida yangu?

Sasa wewe wa Kitengela, na wenzako mlionyamaza. Mkopaji akichelewa, benki haianzi na siku 40. Kwanza lazima ije ilani ya miezi mitatu inayosema umekosea nini na ulipe kiasi gani. Ile ya siku 40 hufuata, na nakala yake lazima apewe mwenzi wako aliyetoa idhini nyumba iwekwe rehani. Dalali naye ana ilani yake ya siku 45. Mumeo hajui lolote? Basi ulizia nakala yake iko wapi, na kama ni nyumba ya ndoa, ulizia pia nani alitia sahihi ya idhini yake siku nyumba inawekwa rehani. Uliza tathmini ilifanywa lini: bei ya mnada itegemee tathmini isiyozidi miezi 12, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo itakayojieleza. Na mkopo ukishakuwa mbovu, yaani haulipwi, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, tangu Mei 2007.

Lakini msikimbilie mahakamani na hoja ya "hesabu si sahihi" peke yake. Majaji wetu wamesema tena na tena kwamba kubishania kiasi cha deni hakuzuii mnada. Kinachozuia ni ilani mbovu. Kwa hiyo lipa sehemu usiyoibishania, kila mwezi, na andika barua. Tafuta wakili, na andika barua. Ukipigiwa simu, jibu kwa barua. Jamani, kukopa si dhambi! Mnaingia benki mmeinamisha vichwa kana kwamba mnaomba sadaka, na nyumba ni yenu, jasho ni lenu, riba mnalipa ninyi. Inueni vichwa.

Mimi mwenyewe sijamaliza. Nilipokagua stetimenti nilikuta bima ya nyumba imekatwa mara mbili mwaka 2023, kwa majina mawili tofauti. Wanasema wanalichunguza. Barua yangu kwao iko kwenye meza ya mapokezi tangu Ijumaa, na nakala yangu ina muhuri.